Ukimya Uliomo Kwenye Singo ya Kokoto

Jeneza lilitokea nyuma ya ukuta wa shule saa kumi na dakika chache alasiri, likiwa mabegani mwa wanaume, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, nikiwapigia watu roki. Bendi ya Kokoto ilikuwa inazindua singo yake. Wimbo ulikuwa kwenye kiitikio cha pili, na spika nane nilizozipanga kwa mikono yangu mwenyewe zilikuwa zinatikisa mabati ya nyumba za jirani. Njia ya makaburini pale Kaole inapita kando ya ule uwanja, hatua thelathini tu kutoka jukwaani. Wale wanaume hawakuwa na njia nyingine.

Mkono wangu ulifanya ulichofundishwa. Nilivuta masta, ile swichi ya kuteleza inayobeba sauti yote, nikaishusha mpaka mwisho. Uwanja ukanyamaza. Salha, mwimbaji wao, akabaki anafungua na kufumba mdomo bila sauti. Nikawasikia wachukuzi: la ilaha illallah, la ilaha illallah. Pumzi mbili hivi, labda tatu.

Fadhili, meneja wa bendi, akanirukia kutoka kushoto.

"Washa! Washa, fundi, tuko hewani!"

"Maiti inapita."

"Najua! Najua inapita! Washa!"

Sikuwahi hata kumuuliza amejuaje, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu akaisukuma masta juu. Gita likarudi kama dari lililoanguka. Na hapo ndipo nilipomwona aliyeshika mbele ya jeneza upande wa kulia. Alikuwa Hamisi, mkwe wa Mzee Kombo. Mzee Kombo ndiye aliyenifundisha kazi hii. Hamisi alinitazama mara moja, akatazama mbele, akaendelea na safari yake. Nikajua ni nani amelala mle ndani.

Nilistaafu siku ile ile. Barua sikuandika, maana kazi yetu haina ofisi ya kupelekea barua. Ninyi vijana mnaoshika mitambo Bagamoyo mmekuwa mkiniuliza Fundi Rajabu kulikoni, mbona bado una nguvu, mbona waya umezitundika. Basi nakaa niandike. Shule niliishia darasa la tano, mtanivumilia mwandiko. Ila majina nitayataja, kwa sababu nimechoka kusikia "kulitokea hitilafu." Hitilafu ninazijua. Nimeishi nazo maisha yangu yote. Hitilafu haina mkono wa kumsukuma mtu mkono.

Nianze na siku ya kwanza. Nilikuwa nimetoka kulima kwa mjomba wangu Miono, nikaja mjini nikiamini fundi mitambo ni mtu anayekaa kitini na kusikiliza muziki bure. Nikamkuta Mzee Kombo barazani kwake. Shikamoo, marahaba, unatafuta nini? Nikamwambia natafuta kazi ya muziki. Akanionyesha lundo la waya, limejisokota kama utumbo. "Kunja." Nikakunja nikizungushia kwenye kiwiko, kama kamba ya mbuzi. Akazifungua zote, akazitupa chini. "Kunja tena. Mzunguko mmoja juu, unaofuata chini. Waya una kumbukumbu, ukiusokota leo utakuja kukuumbua kesho mbele za watu." Nilikunja waya siku tatu. Siku ya nne ndipo akaniuliza naitwa nani.

Alikuwa mtu wa makopo. Misumari kwenye kopo, fyuzi kwenye kopo, kitambaa chenye spiriti kwenye kopo, kwa sababu hewa yetu ya pwani inakula plagi kama mchwa na lazima uzifute kila asubuhi ya kazi. Simu za mkononi zilipoingia akatenga kopo la biskuti kwa ajili ya simu yake na yangu. Mnajua wenyewe, simu ikikaa karibu na mikisa inatoa ile tit-tit-tit kwenye spika, sheikh anasoma dua na tit-tit-tit juu yake. "Simu iingie koponi, ndipo wewe uingie kazini." Nililishika hilo mpaka mwisho. Mji mzima ulijua Rajabu akiwa kazini hapatikani kwa simu, ukimtaka tuma mtu. Likumbukeni hilo kopo, nitalirudia.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi na sitazimaliza. Kule Miono tuliwahi kufunga jukwaa la meza za shule, mvua ikaja, meza zikavimba, na mgeni rasmi akataka kuhutubia hivyo hivyo akiwa ameshika maiki ya chuma na miguu majini. Nilizima umeme akanuna. Angekufa angenuna zaidi. Kuna mkuu wa kwaya aliyekuwa akipiga maiki kofi kuijaribu, kila wiki, miaka yote, nami kila wiki nilimwambia sema tu neno, baba, inasikia. Lakini iliyonifanya fundi ni harusi ya Zinga.

Ilikuwa mchana, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia, kina mama wako katikati ya vigelegele. Akaja mtu kwa miguu, anahema. Hakwenda kwa mwenye harusi. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Kombo akamnong'oneza. Nyumba ya pili kutoka pale mtoto amefariki. Kwetu ndivyo ilivyo: mtu akifariki, kabla ya sanda, kabla ya wa mbali kupigiwa simu, anatumwa mtu kwa mwenye mitambo, popote alipo, maana yeye ndiye anayeweza kuuaibisha msiba bila kujua. Mzee Kombo akashusha sauti, akazima. Baba mdogo wa bwana harusi akaja juu, amevaa suti, jasho linamtoka.

"Wewe mzee umeajiriwa na nani? Washa!"

"Nimeajiriwa na wewe, baba. Ila huyo mtoto hakuniajiri, ndiyo maana lazima nimheshimu."

"Harusi ya watu unaivunja!"

"Harusi inasubiri. Twende tukawaombe radhi wenzio, wakitoa ruhusa baada ya kuzika nitakupigia hadi uchoke."

Wakaenda wote wawili, suti na kanzu, wakaketi kwenye mkeka wa wafiwa. Baada ya kuzika, mama wa yule mtoto mwenyewe ndiye aliyetuma neno kwamba endeleeni, msimnyime binti wa watu siku yake. Mzee Kombo akarudi akaniambia, "Umeona? Fundi hajulikani kwa kuwasha. Kila mtu anajua kuwasha."

Nikaishi na sheria hiyo. Nimezima harusi, nimezima kampeni ya chama, nimezima mechi ya mpira. Nimetukanwa matusi ya kila aina. Hakuna hata mmoja aliyerudi mwaka unaofuata akasema, Rajabu, siku ile ulikosea.

Sasa hao Kokoto. Ni vijana wanne waliosomea sanaa hapa mjini, na mkubwa wao ni Salha, mjukuu wa Bi Tatu wa Kaole, binti mwembamba mwenye sauti kama ya mtu anayegombana na ukuta. Muziki wao wenyewe waliuita roki mbadala. Mbadala wa nini, sijui mpaka leo. Walinijia kwa sababu kila fundi mwingine aliwafukuza. Salha akaniambia, "Mjomba, nataka gita likwaruze." Nikamwambia, mwanangu, mimi umri wangu wote nimepigana na mkwaruzo, wewe unakuja kuuomba?

Nikampeleka kwa Mzee Kombo kama mzaha. Mzee alikuwa ameshaacha kazi, miguu imevimba, anashinda barazani. Akamsikiliza binti, akacheka mpaka akakohoa. Akaagiza redio yake mbovu ya zamani, akachukua pasi ya kuyeyushia risasi ya kuungia waya, akakaa siku mbili. Kilichotoka ni kopo la sadini lenye matundu mawili ya plagi na kitufe kimoja. Salha akachomeka gita, akakanyaga kitufe. Kuku wote wa mtaa walikimbia. Bi Mwanahawa, mke wa Mzee, akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Kombo! Umeua nini?"

Ile sauti ya gita mnayoisifu kwenye redio, ile watangazaji wanasema sijui imetoka studio gani ya ng'ambo, imo ndani ya kopo la sadini. Salha alikuwa anakula wali pale kwa Bi Mwanahawa kila Jumapili. Nataka hilo lijulikane kabla sijafika kwenye mengine.

Singo yenyewe inaitwa Ukuta wa Matumbawe. Niliirekodi mimi, kwenye ghala la mbata, zile nazi kavu, magunia yamepangwa ukutani kumeza mwangwi. Tuliipiga mara kumi na tisa. Mara ya ishirini ikakaa, dakika nne kasoro, imeshonana mwanzo hadi mwisho, hakuna pengo hata la kupitisha sindano. Nilimpelekea Mzee Kombo aisikilize. Akaisikiliza amefumba macho. "Kelele," akasema. Halafu akasema, "Irudie."

Ndipo akaja Fadhili. Fadhili Mng'ombe, wa Dar, miwani kichwani hata ndani ya nyumba. Alijitia umeneja kwa sababu alikuwa na simu tatu. Akasema singo haitoki hivi hivi, lazima izinduliwe mubashara, dunia ione, pale pale Kaole karibu na magofu, Jumamosi saa kumi kamili. Nikamwambia uwanja ule uko njiani mwa makaburi, tutafute mwingine. Akasema, "Fundi, watu hawafi kwa ratiba." Nikanyamaza. Hapo nilikosea la kwanza.

La pili ni hili, na nalisema mwenyewe kabla mtu hajalisema. Amplifaya ya msikiti wa Kaole ilikuwa kwangu wiki ile, imefunguliwa mezani, imebaki kuchomewa waya mbili tu. Nilisema nitaimaliza Ijumaa. Fadhili akanipigia simu Ijumaa mara kumi na moja: jukwaa, spika, taa za mchana ambazo hata sijui zilikuwa za nini. Sikuimaliza. Kwa hiyo Jumamosi msikiti wa Kaole haukuwa na kipaza sauti, na tangazo la msiba lilisomwa kwa mdomo kwa waliokuwa karibu. Mimi nilikuwa uwanjani tangu alfajiri na simu yangu iko koponi.

Mzee Kombo alifia Zinga, kwa binti yake alikokwenda kutibiwa miguu, baada tu ya sala ya alfajiri. Wakamleta kwao Kaole azikwe baada ya alasiri. Hamisi, mkwe wake, alifanya kama inavyotakiwa. Alipiga simu yangu mara mbili, akakumbuka kopo, akapanda bodaboda akaja mwenyewe. Haya niliyapata kwake baadaye, mkekani, neno kwa neno.

Alifika saa sita mchana. Alimkuta Fadhili kwenye kamba ya mlangoni.

"Namtaka Fundi Rajabu. Ni msiba."

"Fundi yuko juu kule ana nyaya za umeme mkononi, kaka, usimshtue. Msiba wa nani?"

"Mwambie Mzee Kombo ametutoka. Tunazika baada ya alasiri. Tutapita hapa."

"Pole sana, kaka. Nitamwambia sasa hivi. Nenda kashughulike, mimi nipo."

Hamisi ana maiti nyumbani, kaburi halijachimbwa, atabishana na mtu aliyempa pole? Akageuza.

Saa sita mpaka saa kumi. Muda wote huo Fadhili alikuwa ananipita. Aliniletea maji. Aliniletea chapati mbili na maharage, akaniambia kula mzee wangu, leo siku yetu. Nikala. Mwalimu wangu anaoshwa, mimi natafuna chapati, na aliyenipa anajua.

Alasiri ilipoadhiniwa, kwa mdomo, kwa mbali, nilizima majaribio kama kawaida yangu. Nikasali pale pale nyuma ya spika kwa sababu Fadhili alisema mitambo haiwezi kuachwa. Kumbe alikuwa ananilinda nisiende msikitini nikaliona jeneza. Saa kumi kamili akanyoosha kidole, nikawasha. Mengine mmeshayasoma hapo juu.

Alipoisukuma ile masta nilikimbilia jenereta nikachomoa waya wake mkuu kwa mguu. Lakini jeneza lilikuwa limeshapita. Walisindikizwa na gita la kopo la sadini mpaka kwenye kona. Nilikimbia na viatu vya kazi, nikawahi kutupa udongo. Hakuna aliyenisogelea. Hakuna aliyenifukuza pia.

Jioni ile nikaenda kwa Bi Mwanahawa. Nikakaa chini mlangoni. Nikaanza kueleza, kopo, simu, Fadhili, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Rajabu, mzee wako alikuwa na maneno yake. Alikuwa akisema, siku yangu hamtahitaji kutangaza. Mtajua Rajabu kapata habari, maana mji wote utanyamaza."

Akaniambia nile. Sikuweza.

Fadhili nilimfuata Jumatatu. Hakukataa hata! Hilo ndilo linalonikera zaidi, angalau mwizi hukimbia. "Mzee wangu, ningekuambia ungezima. Ungezima au usingezima?" Ningezima. "Basi sasa. Watu wa nje walikuwa wanasubiri. Nilipanga nikuambie saa kumi na moja." Nikamuuliza Salha alijua? Salha mwenyewe akajibu, amesimama mlangoni, macho mekundu: "Mjomba, Fadhili aliniambia kuna msiba wa jirani. Akasema wewe ulishakwenda kuwaomba radhi wafiwa, wametoa ruhusa. Sikujua ni Babu Kombo."

Yaani alichukua desturi ya Mzee Kombo, akaivaa kama kanzu ya kuazima, akaitumia kumzikia mwenyewe kwa makelele. Mtu wa namna hiyo umwite nani?

Nikafikiri yameishia hapo. Nikatundika waya. Amplifaya ya msikiti nikaimaliza, nikaipeleka, imamu akanipokea vizuri kuliko ninavyostahili.

Wiki ya tatu niko kwa kinyozi pale Zinga, kichwa nusu kimenyolewa, redio ikaanza kupiga Ukuta wa Matumbawe. Kinyozi, kijana mzuri tu, hana kosa, akazima mashine yake. "Subiri mzee, subiri, hapa ndipo patamu." Wimbo ukafika kiitikio cha pili. Ukakatika. Kimya. Pumzi mbili, labda tatu. Halafu gita likarudi kama dari lililoanguka.

"Umesikia walivyokata? Nchi nzima inapapenda hapo! Watu wananyoosha mikono juu wanasubiri!"

Nilitoka na nusu kichwa.

Mimi niliirekodi singo ile. Ghala la mbata, mara ya ishirini, imeshonana, haina pengo. Video ya mubashara ndiyo iliyokuwa na pengo, kwa sababu sauti yake ilitoka kwenye mikisa yangu, na pengo lile ni mkono wangu. Video iko mpaka leo mtandaoni. Jeneza linaonekana nyuma ya mpiga ngoma, dogo, na watu wameandika chini yake: ubunifu wa hali ya juu, mandhari imepangwa vizuri. Mtu akaona pengo linapendwa, akakaa mezani, akaufungua wimbo nilioushona, akaukata palepale, akaubandika ukimya ule ndani, na hicho ndicho kinachopigwa redioni. Wanamnyamazia Mzee Kombo nchi nzima bila kumjua, kisha wanamrukia na gita.

Vijana wenzangu, mlitaka mafunzo. Futeni plagi kwa spiriti. Kunjeni waya mmoja juu, mmoja chini. Kopo la simu libaki, lakini awepo mtu wenu wenyewe mlangoni, wa damu yenu, si meneja. Mkisikia msiba, zimeni. Basi, hayo ndiyo ninayoyajua.

Yaliyobaki si yenu. Fadhili Mng'ombe, nyumba ya Bi Mwanahawa unaijua, iko nyuma ya msikiti wa Kaole, mlango wa bluu. Njoo mchana watu wakuone. Ukae kwenye mkeka kama alivyokaa yule baba wa suti kule Zinga, umwambie mjane kwa mdomo wako uliambiwa saa ngapi. Salha, wewe ni mtoto wa pale. Wali wa Jumapili uliula. Masta yangu aliisukuma Fadhili, hilo nimeliona kwa macho. Lakini kuukata wimbo kunahitaji mtu anayeujua wimbo, na Fadhili hajui hata kupiga makofi sawasawa na ngoma. Kokoto mko wanne, na kuna mmoja wenu aliyekaa kwenye meza ya kuukatia wimbo.

Ukimya ule haukuwa wa Kokoto. Ulikuwa wa Mzee Kombo, na ulikuwa mfupi, na ndio pekee niliowahi kumpa. Nani kati yenu aliuchukua? Nitajieni jina, kisha mrudishe wimbo ulivyokuwa.